Makofi Yenye Sura Mbili: Uhakiki wa Filamu ya Whiplash

Filamu ya Whiplash (2014), iliyoandikwa na kuongozwa na Damien Chazelle wa Marekani, ina fani iliyokomaa. Maudhui yake ndiyo yanayohitaji kupimwa upya. Andrew, kijana wa miaka 19, ni mtu mzima kisheria, lakini ndoto yake yote imo mikononi mwa mwalimu wake wa bendi ya jazi, Fletcher, ambaye humtukana, humzaba makofi na kumrushia kiti.

Siri ya filamu inafichuka katika mashindano ya Dunellen. Andrew anapata ajali ya gari njiani, anafika akivuja damu, naye anaachwa akae kwenye ngoma. Wenzake wanamtazama, hakuna amwinuaye. Vijiti vinapomponyoka, Fletcher anamwambia kuwa amekwisha. Jukwaa lina ratiba na hadhira, halina mlinzi.

Baadaye, wakili wa wazazi wa mwanafunzi mwingine aliyejiua anamwomba Andrew ushahidi, na Fletcher anapoteza kazi. Hata hivyo, Chazelle anahitimisha kwa Andrew kupiga ngoma kwa ufundi wa ajabu mbele ya mwalimu yuleyule, na mtazamaji anajikuta akishangilia. Makofi ya hadhira yanafunika makofi ya shavuni.

Malenga hukua kwa kusahihishwa vina na mizani, hata kwa ukali. Hakui kwa kudhalilishwa. Mashindano yasiyo na mtu wa kumsimamisha aliyeumia hayana mshindi.