Ukungu Mmoja, Maradhi Manne

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule unaofunika milima alfajiri na kwa ule unaoota kwenye mkate uliolala. Kwa mpiga picha neno hilo ni mtego. Akisema lenzi yake ina ukungu, fundi bado hajaambiwa kitu.

Lenzi ninayoichambua hapa ni ya miaka ya 1950, milimita 50, yenye mpangilio wa Tessar: vioo vinne katika makundi matatu, viwili vya mbele kila kimoja kikiwa peke yake na viwili vya nyuma vimegundishwa kuwa jozi. Picha zake zilikuwa zimepauka. Penye weusi palitoka kijivu.

Kipimo cha kwanza ni tochi. Tia chumba giza, fungua tundu la lenzi lote, kisha mulika kwa mshazari kutoka nyuma. Hapo kila ugonjwa hujitaja. Mvuke wa grisi ya hesi za fokasi hutanda sawasawa kama pumzi kwenye kioo, hasa kwenye nyuso zilizo jirani na tundu. Kuvu, adui mkubwa wa lenzi zinazokaa pwani kwenye joto na unyevu, hutambaa kwa nyuzinyuzi kama mizizi. Kioo kilicholika huacha weupe ambao haubanduki hata ukifutwa mara ngapi. Gundi iliyoachia huanzia ukingoni na kuingia ndani, mara nyingi ikionyesha pete za rangi za upinde wa mvua, zile zinazoitwa pete za Newton, kwa sababu hewa nyembamba mno imepenya kati ya vioo viwili.

Lenzi hii ilikuwa na maradhi mawili. La kwanza lilikuwa grisi, na hilo halina hadithi ndefu: spana ya ncha mbili, pete ikafunguliwa, pombe ya isopropili, kitambaa laini, basi. La pili lilikuwa gundi. Kabla ya kuigusa ni vyema kujua iliwekwa pale kufanya nini.

Paul Rudolph wa Carl Zeiss alipobuni Tessar mwaka 1902, vioo vya lenzi havikuwa na utando wa kuzuia mng'ao; Zeiss ilikuja kuupata mwaka 1935 kwa kazi ya Alexander Smakula. Kila mahali kioo kinapokutana na hewa, takriban asilimia 4 ya mwanga hurudishwa. Tessar ina nyuso sita za namna hiyo, kwa hiyo bila utando hupitisha kama asilimia 78. Kugundisha vioo viwili huondoa nyuso mbili kwenye hesabu. Gundi ya zamani ilikuwa balsamu ya Kanada, utomvu wa mti Abies balsamea, wa jamii ya misonobari. Uwezo wake wa kupinda mwanga ni karibu 1.53, na wa kioo cha kawaida ni karibu 1.52, hivyo mwanga huvuka bila kuhisi mpaka. Gundi ikiachia, nyuso mbili zinarudi, tena zikiwa tupu, maana kiwandani hakuna aliyeona haja ya kuzipaka utando. Asilimia 8 inayopotea hapo si kitu, filamu haitaisikia. Balaa ni kwamba mwanga uliorudishwa haupotei. Unazurura ndani ya lenzi, kisha unatua kwenye filamu mahali ambapo palitakiwa kuwa na kivuli.

Kutenganisha jozi kulianza na penseli: alama ya mshale ukingoni ikivuka vioo vyote viwili, ili kila kimoja kirudi kilivyokuwa. Kisha jozi ililazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, ndani ya sufuria ya maji ya baridi, moto ukiwa mdogo kabisa. Haraka ndiyo inayopasua, kwa kuwa aina mbili za kioo hazitanuki kwa kiwango kimoja. Maji yalipokaribia kuchemka, kioo kimoja kiliteleza juu ya mwenzake kwa kusukumwa kidogo tu. Kingegoma, hilo nalo lingekuwa jibu: gundi ni ya sintetiki, ambayo viwanda vilihamia baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Hiyo haitishwi na maji ya moto. Hudai vimumunyisho vikali visivyofaa kuingizwa jikoni. Vioo vilipopoa taratibu, asetoni iliondoa utomvu uliobaki.

Kurudisha ndiko kugumu. Tone moja la gundi inayogandishwa na mwanga wa urujuanimno lilitiwa kwenye kioo mbonyeo, kisha kile kioo mbinuko kikashushwa polepole na kuzungushwa mpaka viputo vikatoka. Yote haya mbali na dirisha, maana jua lenyewe lingeanza kuigandisha. Vioo hivi vina kipenyo kimoja, kwa hiyo viliegemezwa kwenye mfereji wa chuma wenye umbo la V ili kingo zilingane. Nikamulika sekunde chache tu, nikaizungusha jozi nikitazama akisi za taa. Akisi ikiyumba, mhimili haujakaa, na bado kuna nafasi ya kurekebisha. Ilipotulia, nikamulika hadi gundi ikakaza. Lenzi yenye mhimili uliopinda ni mbaya kuliko yenye ukungu: ya pili hupausha picha, ya kwanza huharibu ukali wa upande mmoja. Ndiyo maana jozi iliyoachia milimita moja tu ukingoni ni bora iachwe ilivyo.

Weusi umerudi kwenye picha. Nami nimeweka karatasi ndani ya kifuko cha lenzi, yenye tarehe na aina ya gundi. Aliyeigundisha mara ya kwanza alitumia utomvu unaolainika kwa maji ya moto, akamwachia mlango fundi ajaye. Gundi yangu ni ngumu kuliko hiyo. Atakayemulika tochi siku moja aisome karatasi kabla hajabandika sufuria.