Cooper Black: unene wa herufi na kibao cha barabarani

Cooper Black ni fonti nene yenye serifi iliyotolewa mwaka 1922 na Barnhart Brothers & Spindler, kiwanda cha herufi za chapa cha Chicago. Mbunifu wake, Oswald Bruce Cooper, alikuwa mchoraji wa maandishi ya matangazo. Herufi hizo zilikusudiwa vichwa vya habari na mabango, si kurasa za kitabu.

Serifi ni ncha ndogo zinazokatiza miisho ya mistari ya herufi. Katika fonti za mtindo wa Bodoni, mistari ya wima ni minene lakini serifi ni nyembamba kama uzi. Kwenye karatasi laini tofauti hiyo hupendeza. Kwenye bati lililopakwa rangi Kona ya Musa au Msambweni, katika pwani ya Kenya, ambako jua na hewa ya chumvi havipumziki, sehemu nyembamba ndizo hupotea kwanza. Cooper aliipunguza tofauti hiyo: serifi zake ni nene na za mviringo, na hata mahali pembamba pa herufi pamebaki na mwili wa kutosha. Kwa kuwa nyayo za herufi nazo zimeviringwa, brashi hailazimiki kukata pembe kali, na herufi iliyopotoka kidogo haionekani haraka.

Unene una gharama. Mstari ukinenepa kwa nje, neno hula nafasi. Ukinenepa kwa ndani, tundu la herufi, yaani nafasi tupu iliyo ndani yake, huziba. Cooper aliukuza mwili wa herufi ndogo ili tundu libaki wazi, akafupisha vichwa vya b na k pamoja na mikia ya p na y. Kwa hiyo mistari miwili ya maneno hukaa karibu bila kugongana. Tundu la o limeinamia kushoto, jambo linaloipa fonti nzito dalili ya mwendo.

Kiswahili huutia unene huo majaribuni. Silabi zake nyingi huishia kwa vokali, na a hurudi mara kwa mara, kama katika "nyama choma" au "maakuli". Tundu la a ni dogo kuliko la o, hivyo kwenye kadi au stika ndogo huwa la kwanza kujaa wino. Kwenye herufi kubwa tatizo huhamia kwa M na W, ambazo upana wake hurefusha neno.

Barabarani muda wa kusoma ni mfupi: kwa gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mita 50 hupita kwa sekunde zisizofika nne. Kipimo kinachotumiwa sana na watengenezaji wa mabango ni kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, ili maandishi yasomeke bila taabu. Kwa mita 50, kimo hicho ni kama sentimita 42. Maneno mawili au matatu yanatosha. Jina la duka ndilo linalostahili Cooper Black. Namba ya simu na orodha ya bidhaa huandikwa kwa fonti nyepesi isiyo na serifi, kwa ajili ya anayesoma akiwa amesimama.

Umbo la mviringo pia hubeba hisia ya ukarimu na mzaha. Ndiyo maana fonti hii ilifaa jalada la albamu Pet Sounds ya kundi la Beach Boys mwaka 1966, na nembo ya shirika la ndege la easyJet. Inafaa vilevile kibanda cha juisi au hoteli ya pilau. Haifai onyo la umeme wala kibao cha zahanati, ambako msomaji anatakiwa achukue neno kwa uzito.