Karatasi, Mtandao na Suala la Mlipaji: Uhakiki wa Kisa cha Jarida la Dragon

Katika mijadala kuhusu uchumi wa majarida ya wapenzi wa michezo, limezoeleka dai kwamba mtandao uliyaua majarida ya karatasi kwa sababu ya unafuu wake. Sehemu hii inalihakiki dai hilo kwa kurejelea Dragon, jarida la Kimarekani lililoanzishwa na kampuni ya TSR mwaka 1976 kwa ajili ya wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake. Hoja inayotetewa ni kwamba kilichobadilika zaidi ni mlipaji, na kile anacholipia.

Jarida la aina hii lilikuwa na walipaji wawili: msomaji na mtangazaji wa bidhaa. Jambo ambalo dai hilo hulipuuza ni kwamba, kwa mpenzi wa mchezo, tangazo lenyewe lilikuwa sehemu ya usomaji. Ndilo lililomjulisha kwamba kuna dadu mpya, sanamu ndogo mpya au kitabu kipya. Watengenezaji walipoanza kuonyesha bidhaa hizo katika tovuti zao, jarida lilipoteza mapato na pia maudhui ambayo halikuwa likiyagharimia. Hasara hii ya pili haionekani katika hesabu za kawaida za gharama za uchapaji.

Mwaka 2007 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyoinunua TSR mwaka 1997, haikuhuisha leseni ya Paizo, iliyokuwa ikichapisha Dragon na jarida dada la Dungeon tangu 2002. Toleo la 359, la Septemba 2007, likawa la mwisho katika mfululizo wa karatasi. Dragon likahamia mtandaoni, na baadaye likafungwa ndani ya huduma ya kulipia iliyoitwa D&D Insider, pamoja na programu za kuwaundia wachezaji wahusika. Kwa maoni yangu, hapo makala zilikuwa zimekwisha kuwa nyongeza ya programu. Matoleo hayo yalikoma Desemba 2013. Jina lilipofufuliwa mwaka 2015 kama Dragon+, lilitolewa bure: mchapishaji sasa alikuwa pia mtangazaji, na jarida zima likageuka kuwa tangazo lake. Kama unafuu ungetosha, historia hii isingekuwa na vituo vingi hivi.

Kinachovutia zaidi ni upande wa Paizo, iliyobaki bila leseni na ikiwa na deni. Usajili unaolipwa kabla ni mkopo ambao msomaji humpa mchapishaji. Jarida likifa, mkopo huo hudaiwa. Paizo iliwapa wasajili nafasi ya kuhamishia salio lao kwenye chapisho jipya, Pathfinder, lililoanza Agosti 2007. Kwa njia hiyo deni liligeuzwa kuwa wateja. Chapisho hilo la kila mwezi lilikuwa la karatasi, lenye umbo la kitabu, kwa bei ya zaidi ya maradufu ya ile ya Dragon, na halikutegemea matangazo ya kampuni nyingine. Hapa msomaji peke yake ndiye aliyelipa, naye alikubali, kwa kuwa alichonunua ni kisa kamili cha kuchezwa kwa miezi, chenye kubaki rafuni.

Hata hivyo, haifai kukisoma kisa hiki kama ushindi wa karatasi. Paizo ilikuwa na duka lake mtandaoni, na kwa hiyo iliwafahamu wanunuzi wake na kuwauzia moja kwa moja. Hivyo ilipunguza utegemezi kwa mawakala na maduka ya magazeti, ambako nchini Marekani hasara ya nakala zisizouzwa humrudia mchapishaji. Aidha, wasajili walipewa nakala ya kielektroniki bila malipo ya ziada. Utafiti unaohesabu tu majarida yaliyoacha kuchapwa ungeiweka Dragon katika safu ya waliokufa, na usingekuwa na safu yoyote ya kuiweka Pathfinder, ambayo karatasi yake iliuzwa kupitia mtandao uleule unaotuhumiwa kuiua.