Kisu na Usuhuba: Usaliti wa Walanjama katika Juliasi Kaizari

Tanzia ya Shakespeare iliyoandikwa yapata mwaka 1599, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 kisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, imezoeleka kusomwa kama kisa cha Brutus kumsaliti Caesar. Usomaji huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi. Kabla kisu hakijamgusa Caesar, usaliti umekwisha kutendeka baina ya walanjama wenyewe, na msalitiwa wa kwanza ni Brutus.

Katika onyesho la pili la sehemu ya kwanza, Cassius, shemeji na rafiki wa Brutus, anabaki peke yake jukwaani na kukusudia kumtupia Brutus dirishani barua za kughushi, zenye miandiko mbalimbali, ili zidhaniwe kuwa ni kilio cha raia wa Roma. Brutus anaisoma mojawapo kwa mwanga wa vimondo na kuamini kwamba nchi yake imemwita, kumbe aliyemwita ni rafiki yake. Muda mfupi baadaye Cassius anapendekeza kiapo, naye Brutus anakikataa. Kwake yeye, neno la Mrumi latosha. Kinaya cha tukio hili ni kikali: anayekataa kiapo kwa kuwaamini wenzake amekwisha kughilibiwa na yule yule aliyemwingiza katika njama.

Swali linalozuka ni hili: watu hawa wanaunganishwa na nini hasa? Msomaji wa Bungoma na Kitale ana kipimo chake. Miongoni mwa Wabukusu, wakazi wa Bungoma na wa mashamba ya Trans Nzoia yanayouzunguka mji wa Kitale, tohara hufanywa mwezi Agosti katika miaka ya shufwa, na waliotahiriwa rika moja ni bakoki. Kila mmoja wao amesimama mbele ya kisu bila kutikisika. Undugu wao umetokana na maumivu ambayo kila mmoja ameyapokea mwilini mwake. Walanjama wa Roma nao wameunganishwa na kisu, ila kisu chao kimezama katika mwili wa mtu mwingine. Mikono yao wameirowesha katika damu isiyo yao. Umoja wa namna hiyo hauna nguzo pindi adui wa pamoja anapokwisha kuondoka.

Ndiyo maana katika sehemu ya nne Brutus na Cassius wanagombana kwa sababu ya rushwa na dhahabu ya kuwalipia askari. Katika ugomvi huo Cassius anafunua kifua na kumpa Brutus jambia amchome. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza anapoutoa mwili wake mwenyewe kuwa dhamana ya usuhuba. Huenda mhakiki akadai kwamba upatanisho unaofuata wathibitisha mapenzi ya kweli. Mapenzi yapo, lakini habari ya barua haitajwi kamwe. Huko Filipi, dakika chache kabla ya kujiua, Brutus anafurahi kwamba maishani mwake mwote hakumpata mtu asiyekuwa mwaminifu kwake.

Furaha hiyo ndiyo kilele cha tanzia. Hadhira inazijua barua zile. Brutus anakufa bila kuzijua.