Ukurasa wa 36

Tarehe 16 Januari 1913, karani wa hesabu katika ofisi ya bandari ya Madras, India, alimwandikia barua mwanahisabati wa Cambridge ambaye hakuwahi kumtia machoni. Karani ni Srinivasa Ramanujan, mwandikiwa, G. H. Hardy. Kila kijana anaponiomba nimpitishie macho utambulisho wake wa kutafutia kazi au mteja, barua hiyo hunirudia.

Ramanujan anaanza na yale ambayo wengi tungeyafunika: ni karani, mshahara wake ni pauni 20 kwa mwaka, chuo kikuu hakusoma. Anayataja upesi, halalamiki, anasonga mbele. Msomaji ameshajua anaongea na nani.

Kisha anafika penyewe. Anataja kijitabu cha Hardy, *Orders of Infinity*, ukurasa wa 36, pale Hardy aliposema kwamba bado haijapatikana fomula kamili ya kuhesabu namba tasa zilizo chini ya namba fulani. Karani anasema: mimi ninayo inayokaribia mno. Tazama uzito wa ile 36. Kukisifu kitabu kwa jina tu kila mtu anaweza, hata asiyekifungua. Anayetaja ukurasa ameusoma hadi pale mwandishi alipokwama, na sasa anabisha hodi papo hapo. Hardy angewezaje kutofungua?

Ombi lenyewe ni dogo: azipitie karatasi alizoambatisha, zenye fomula zaidi ya 100, na ampe ushauri. Hardy alizipitia pamoja na mwenzake Littlewood, na Aprili 1914 Ramanujan alitua Uingereza. Tukumbuke pia kwamba Ramanujan alishawaandikia wanahisabati wengine wawili wa Cambridge kabla ya Hardy, wasimsaidie. Hata barua nzuri huhitaji mtu wake.

Juzi fundi majokofu mmoja kijana aliniletea ujumbe aliotaka kumtumia mama mwenye bucha la samaki: "Mimi ni kijana mchapakazi, mbunifu, ninayejituma na mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira yoyote." Hakuna jokofu humo. Dereva angeweza kuutuma, mhasibu pia. Nikamuuliza, kwa huyo mama umeona nini?

"Kondensa ya chumba chake cha baridi imebanwa na ukuta," akajibu bila kufikiri. "Joto halina pa kutokea. Mashine haipumziki, na luku lazima inamkimbia."

Nikamwambia, basi huo ndio ukurasa wako wa 36, andika hayo.

Akaandika, ila akaongeza kwamba kondensa ikisogezwa luku itapungua kwa nusu. Hapo nilimzuia, na sababu ni Ramanujan yuleyule. Alidai kwamba kosa la fomula yake ya namba tasa ni dogo kiasi cha kupuuzwa. Ilipochunguzwa, dai hilo halikusimama. Yeye aliokolewa na fomula nyingine zilizojaa kwenye karatasi zile. Fundi wangu hana akiba hiyo. Ana kondensa moja, na hajaipima.

Alitaka pia kuifuta shikamoo ili ujumbe uonekane wa kiofisi. Nilikataa. Mama huyo ni wa rika la mamake, na kwetu salamu ndiyo mlango. Ukiuruka, yanayofuata yanasomwa kwa kinyongo. Neno moja linatosha, habari za nyumbani na za watoto zisubiri watakapoonana.

Ujumbe ulioondoka ni huu, jina la fundi nimeliondoa:

"Shikamoo mama. Mimi ni fundi majokofu, nina miaka 6 kwenye kazi hii. Jumamosi nilinunua samaki kwako nikaona kondensa ya chumba cha baridi imebanwa na ukuta, na hiyo huifanya mashine itumie umeme zaidi. Naomba nije niipime siku utakayonipangia."