Mashua Ikipanda Milima

Makongolosi hakuna bahari. Kuna dhahabu, kuna vumbi, na kuna malori yanayotoka Mbeya kupitia Chunya yakiwa yamebeba makarasha, matangi na mabomba ya wachimbaji. Kaa kando ya barabara na utingo anayejua kazi yake, umwambie una mzigo mkubwa wa kusafirisha. Hataanza na kilo. Atakuuliza: "Unafunguka?" Kama mzigo unafunguliwa boliti ukawa vipande, bei ni moja. Kama haufunguki, bei ni nyingine, na lori pengine ni jingine.

Nimelikumbuka swali hilo nikipiga mahesabu ya kufikisha katamarani ndogo ya tanga kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Rukwa, kwa njia ya Mbeya na Makongolosi. Katamarani ni chombo chenye miili miwili myembamba iliyounganishwa kwa mihimili, katikati pametandikwa turubai la kukalia. Mtu wa pwani akiiona ataifikiria ngalawa, na hakosei sana: ngalawa ina mwili mmoja na mbao mbili za kuelea pembeni, hii ina miili miwili iliyo sawa. Zote mbili zimekataa kutegemea uzito wa tumbo ili zisipinduke, zikachagua upana. Majini upana huo ndio usalama. Barabarani ndio balaa.

Nchi hii ilikwisha kuona vyombo vikivushwa nchi kavu, na kila mara jibu la swali la utingo ndilo lililoamua safari. Mwaka 1882 na 1883 wamisionari wa London Missionary Society walivuta boti ya tanga ya chuma, Morning Star, kutoka pwani ya Saadani hadi Ujiji. Ilikuwa vipande, kila kipande juu ya mkokoteni, ikivutwa na watu. Mwishoni mwa karne hiyo Wajerumani wakaipeleka stima Hedwig von Wissmann Ziwa Tanganyika kwa vipande pia, wakizunguka kwa mto Zambezi na Ziwa Nyasa, kisha wakakata nchi kavu. Halafu ikaja kubwa kuliko zote, Graf von Goetzen, yenye urefu wa mita 71. Iliundwa kiwandani Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa yote, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikashushwa Dar es Salaam, ikapanda reli hadi Kigoma. Huko mafundi wakaiunganisha upya kwa ribiti, ikashuka majini Februari 1915. Ndiyo MV Liemba ya leo.

Hizo zote zilifunguka. Iliyokataa kufunguka ndiyo yenye somo, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walitaka kuwanyang'anya Wajerumani Ziwa Tanganyika. Mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alipeleka wazo London: leteni boti ndogo za injini, nzima nzima, mzipitishe kusini mwa Afrika kwa reli na kisha porini. Boti zilikuwa mbili, za mbao ya mahogani, kila moja na urefu wa futi 40 na upana wa futi 8, yaani kama mita 12 kwa mita 2.4. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani nne na ushee. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, akaziita Mimi na Toutou, kwa Kifaransa cha watoto wanaoita paka na mbwa. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukwepa kicheko: chombo cha vita kinaitwa Mimi.

Kwa nini hazikufunguliwa? Ubao haufanani na chuma. Bati la meli ya ribiti ukilifungua utalirudisha palepale, tundu kwa tundu. Mwili wa boti ya kasi ya mbao ni ganda moja. Ukilikata umepata kuni, na huko ziwani usingekuwa na karakana ya kuliunga. Kwa hiyo ikabidi njia itengenezwe iufae mzigo. Wenzao wa Goetzen walikuwa wameutengeneza mzigo ufae njia.

Sehemu ya kwanza ilikuwa rahisi. Boti ziliondoka Uingereza katikati ya Juni, zikashuka Cape Town mwanzoni mwa Julai, zikapakiwa kwenye mabehewa zikiwa zimelazwa juu ya vitanda vya mbao. Mapema Agosti zilikuwa Fungurume, Katanga, mahali reli ilipoishia. Mbele yao palibaki kilomita 235 za pori na milima ya Mitumba kabla ya kukutana na kipande kingine cha reli. Umbali huo ni kama kwenda Makongolosi kutoka Mbeya, kurudi, na kuongeza safari fupi ya sokoni. Wao uliwala takriban wiki sita.

Vitu vitatu viliifanya kazi hiyo iwezekane, na hakuna hata kimoja kinachohusu boti yenyewe. Kwanza ni njia: Lee alitangulia kuikagua, miti ikakatwa, na madaraja zaidi ya 150 yakajengwa. Fikiria hilo, karibu madaraja mawili kwa kila kilomita tatu, kwa ajili ya msafara utakaopita mara moja. Pili ni nguvu ya kuvuta. Walikuja na matrekta mawili ya mvuke, wakaongeza makundi ya ng'ombe. Pale trekta liliposhindwa, ng'ombe walisaidia. Ng'ombe waliposhindwa, kapi zilifungwa na kamba ikagawana mzigo. Kuteremka ndiko kulikotisha zaidi, kwa sababu tani nne zikianza kuserereka hazimsikilizi mtu.

Tatu ni maji. Trekta la mvuke linakunywa kuliko ng'ombe, na kipindi kile kilikuwa cha kiangazi. Maji yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya karibu walichota na kuyabeba kichwani ili mashine iendelee kwenda. Vitabu vya vita hivi vimejaa majina ya maofisa. Majina ya wanawake wale hayamo, ingawa bila ndoo zao Mimi angeozea mlimani.

Septemba ikiisha walifika reli ya Sankisia, wakaenda Bukama, wakateremka mto Lualaba wakikwama kwenye mchanga mara kadhaa, wakapanda reli tena Kabalo, na mwishoni mwa Oktoba wakaliona ziwa. Desemba boti zilishuka majini. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, boti ya Wajerumani. Tarehe 9 Februari 1916 Mimi na ile Kingani iliyotekwa ziliizamisha Hedwig von Wissmann, ileile iliyokuwa imevushwa nchi kavu vipande vipande miaka kumi na zaidi kabla yake.

Sasa turudi Chunya. Chukua katamarani inayojulikana sana duniani, Hobie 16. Ina urefu wa mita 5.05, upana wa mita 2.41 na uzito wa kilo 145, yaani haifikii magunia mawili ya mahindi. Kwenye mizani ya Mikese, Wenda au Uyole haitamkosesha mtu usingizi. Angalia upana, hata hivyo: unakaribiana kabisa na ule wa Mimi. Na kontena kwa ndani lina mita 2.35. Sentimita sita zinakunyima mlango. Ukiilaza kwenye lori la wazi itaingia, lakini itakula bodi nzima, na wewe utalipia nafasi ya tani kadhaa kwa mzigo wa kilo 145.

Ndipo swali la utingo linapolipa. Hii inafunguka. Mihimili inatoka, turubai linakunjwa, miili miwili inalala ubavu kwa ubavu kama mitumbwi miwili. Ghafla una nafasi ya kupakia na viroba vya mtu mwingine, ukagawana nauli.

Kinachobaki kuwa kichwa kigumu ni mlingoti. Una mita 8.08. Kontena la futi 20 lina mita 5.9 kwa ndani, kwa hiyo hilo sahau. La futi 40 linatosha, na tela refu linatosha. Ukiuweka kwenye Fuso fupi utatoka nyuma ya bodi, na hata ukiufungia kitambaa chekundu, mlima Kitonga una kona ambazo mkia wa namna hiyo unaweza kugonga ukingo au basi linalopishana nawe. Alumini ikipinda, tanga halipandi sawasawa tena. Ni heri mlingoti usafiri peke yake kwenye tela, umefungwa sehemu tatu au nne juu ya matairi makuukuu, kuliko ukae juu ya miili ukiisugua kilomita mia nane.

Kusugua ndiko adui halisi wa safari hii. Miili ni ya nyuzi za kioo na gundi, myepesi kama ganda la yai, na barabara ya Mbeya–Chunya inapanda hadi zaidi ya mita 2,300, juu kuliko njia ile ya milima ya Mitumba iliyowatesa akina Spicer-Simson. Leo ni lami hadi Makongolosi, hatuhitaji ng'ombe. Mbele ya hapo, ukielekea Saza na Mkwajuni hadi bonde la Rukwa, mtikisiko unarudi. Magodoro chini, mikanda mipana badala ya kamba ya katani, na usikaze mpaka mwili ulie. Boliti zote ziwekwe kwenye mfuko mmoja, mfuko ukae ndani ya kabini kwa dereva. Boliti moja ya mhimili ikipotea Mafinga, huipati Makongolosi, hata kama mji umejaa mafundi wa karasha.

Rukwa yenyewe itaipokea vizuri. Ni ziwa la kina kifupi, na Hobie 16 haina ubao wa kushuka chini ya maji. Miili yake imechongwa ili ifanye kazi hiyo, na usukani unajiinua ukigusa mchanga. Kuiunganisha upya ufukweni ni kazi ya watu wawili na spana, asubuhi moja. Mimi na Toutou zilifika Ziwa Tanganyika Oktoba, zikashuka majini siku chache kabla ya Krismasi.