Kisa Hupatikana, Riwaya Husukwa: Uhakiki wa Petit Pays

Wanafunzi wanaoanza kutunga huuliza: nitapata wapi kisa? Kwa maoni yetu, swali gumu zaidi ni hili: nikishakipata, nitakisuka vipi? Petit Pays ya Gaël Faye, riwaya ya Kifaransa iliyotoka mwaka 2016 na kupata tuzo ya Goncourt des Lycéens mwaka huohuo, ni mfano mzuri wa kujifunzia.

Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, baba Mfaransa, mama Mnyarwanda. Mhusika wake mkuu, Gabriel, ana wazazi wa asili hiyohiyo na anakulia katika mji huohuo. Je, basi hii ni tawasifu? La hasha. Mtunzi mwenyewe amekana. Malighafi ni ya maisha yake. Msuko ni wa kubuni. Tena malighafi hiyo ilikwisha kupita katika umbo jingine, yaani wimbo wenye jina hilohilo katika albamu yake ya mwaka 2013.

Ufundi mkubwa wa Faye umo katika anachokiacha. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 hatuonyeshwi moja kwa moja. Mama anakwenda Rwanda kutafuta ndugu, anarudi akiwa amevunjika moyo na akili, kisha usiku anamsimulia bintiye mdogo, Ana, aliyoyakuta. Msomaji hapelekwi penye maiti. Anawekwa kando ya kitanda cha mtoto. Hapo ndipo uchungu unapozidi.

Kasoro ipo. Mara kwa mara Gabriel, mtoto wa miaka kumi hivi, anatafakari kama mshairi mzima. Ni kweli kwamba msimulizi ni mtu mzima anayekumbuka, lakini sauti hizo mbili hazitenganishwi vya kutosha.

Jambo hili linatuhusu sisi wa Gisenyi. Filamu ya riwaya hii, iliyoongozwa na Éric Barbier na kutoka mwaka 2020, ilipigwa hapa. Ziwa Kivu likashika nafasi ya Tanganyika. Mji wetu uliigiza mji mwingine. Je, nani atausimulia wenyewe? Julai 1994 umati wa watu ulipita hapa kuelekea Goma. Mpakani Kiswahili husikika kila siku, na tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini. Visa havikosekani.

Kinachohitajika ni uteuzi. Faye anatumia baiskeli iliyoibwa kutuonyesha tofauti ya tajiri na maskini, hatoi hotuba. Mwandishi chipukizi naye aanze na kitu kidogo, aamue ni macho ya nani yatakayotazama, na ajue la kunyamazia. Zaidi ya hayo, ushuhuda wa manusura ni mali yake. Anayetaka kuutumia aombe ruhusa kwanza, kisha abuni kwa heshima. Asiyeweza hilo atafute kisa kingine.